Uwanja Uliolimwa Ngoro

Uligeuka. Nilikuona.

Vumbi lilipanda nyuma ya visigino vyako, vumbi jekundu la Agosti, likasimama hewani kama mtu aliyesahau alichokifuata, na jua la jioni likapita katikati yake. Mpira wa bao la tatu ulikuwa bado umelala wavuni. Wewe ulikuwa umeshaikunja skafu yako nyekundu na kuificha kwapani, umeshashika njia ya migombani, umeshaanza kuongea habari za mbolea.

Usiniambie uliitwa nyumbani. Usiniambie mbuzi alikata kamba. Kumbukumbu yangu ni ndefu kama barabara ya kushukia Mbamba Bay, na kona zake ni nyingi vilevile, na kwenye kila kona yupo mtu kama wewe, amenipa mgongo.

Uligeuka, na nyuma yako timu yako ilikuwa inazama.

Buni Stars, timu ya mlima, jezi nyekundu kama buni iliyoiva mtini. Mechi ya kwanza ya msimu, nyumbani, hapa Namswea, mbele ya mama zao. Na Mawimbi wa Mbamba Bay wamepanda mlima kwenye fuso moja, wameshikana mabega, wanaimba, wananukia ziwa. Tano bila. Sifichi. Tano bila, na la tano alilifunga beki wao, anatembea, kama mtu anayekwenda kuchota maji.

Lakini hatukufungwa na miguu ya watu. Tulifungwa na ardhi.

Ulimwona Wendelin? Beki wetu Wendelin, anayepandisha gunia la mahindi kutoka bondeni bila kulitua njiani. Mpira mwepesi ulikuwa unamjia, mpira wa kuondoa hata kwa goti. Akakanyaga, na mguu ukaingia ardhini mpaka nusu ya soksi. Akasimama pale kama mche uliopandwa. Akautazama mpira unampita. Akautazama mguu wake. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa mpweke vile mbele ya watu wengi vile.

"Nyie mmelima maharage, mpira hamkulima!" wakapiga kelele wale wa fuso. "Leteni chumvi, yameiva!"

Devotha, muuza maandazi, akawageukia na beseni lake kichwani, mkono kiunoni. "Usipa ni usipa tu!" Dagaa wa ziwa lao, ndio usipa. "Hata ushibe maharage, jioni utarudi majini!"

Tukacheka. Kisha Devotha mwenyewe akajiziba mdomo kwa kiganja, na kicheko kikakatika kwetu sote, maana Mama Hedwiga alikuwa amekaa palepale. Na mbele ya Mama Hedwiga hatutaji maji.

Yeye hukaa penye kibendera cha kona, upande wa msituni, kila mechi, juu ya kanga iliyokunjwa. Mwanawe Clemence alikuwa winga wa kona ile. Mwaka ule timu ilishuka ziwani, ikapanda boti Mbamba Bay kwenda kucheza Liuli, na mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukaamka ukalipindua ziwa juu chini. Wenzake waliogelea. Yeye alionekana mara moja, mkono juu, kama mchezaji anayeomba pasi. Kisha hakuonekana.

Walimtafuta mpaka wavuvi wakarudi bila kuinua macho. Ziwa halikumrudisha.

Kaburi hana. Msalaba hana. Novemba ikifika jina lake husomwa kanisani pamoja na marehemu wengine; wenzake wanapelekewa maua makaburini, yeye anabaki na jina tu. Kwa hiyo mama yake alijitafutia mahali: pale konani, kwenye udongo ambao mtoto alikuwa anaukwangua kwa kiatu kabla ya kupiga krosi. Asubuhi za ukungu, ukipita uwanjani kwenda shamba, utasikia mpira unagongwa. Mara moja. Puu. Kisha kimya, kisha ndege. Cheka ukitaka. Mimi nimesikia, na yule anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote huwa anazunguka njia ya mbali.

Hajatoka uwanjani, yule kijana. Hajatoka.

Sasa uniulize, uwanja aliuharibu nani? Sogea.

Sisi.

Nawakumbuka wagombea, mmoja baada ya mwingine, kwa kofia zao na kwa kukohoa kwao. Wote walisimama katikati ya uwanja huu huu, wakanyoosha mkono: "Greda linakuja, ndugu zangu, hapa patakuwa meza." Tukapiga makofi. Huyu akaenda na kura zetu, yule akaenda na kura zetu. Greda halikuja. Tukakaa tunalisubiri kama watu wanaosubiri mchumba aliyekwisha kuoa kwingine. Na nyasi hazisubiri mtu. Msimu uliopita ulipokwisha zikapanda, zikafika kiunoni, zikafika kifuani, mvua ikashuka, na mtu mmoja akasema: nyasi zote hizi, ardhi yote hii, tupande maharage, yawe chakula cha kambi ya vijana.

Wazo zuri. Mabaya yetu mengi huanza hivyo.

Watu wengine wangepiga matuta mepesi, wakayasawazisha baadaye kwa jembe. Lakini mkono wa Mmatengo ukiona nyasi ndefu haukuulizi. Unafyeka. Unalaza nyasi miraba miraba. Unazifukia kwa udongo, unaacha shimo katikati linywe mvua. Ngoro. Babu alifanya hivyo mlimani na mlima haukuporomoka, sisi tukafanya hivyo uwanjani, kwa nyimbo, kwa fahari, goli mpaka goli. Maharage yakazaa kama yamelaaniwa kwa wema. Tukavuna, tukayafukia mashimo kwa udongo mlegevu, tukapitisha fagio juu. Ukitazama kutoka kanisani ulikuwa uwanja. Chini yake nyasi zilikuwa zinaoza kimyakimya, mraba kwa mraba, zinasubiri mguu wa Wendelin.

Hakuna taifa jingine duniani ambalo lingeweza kujichimbia shimo kwa ustadi namna ile.

Nawe ulikuwepo. Nyimbo uliimba. Maharage ulikula. Bao la tatu likaingia, ukageuka.

Mama Hedwiga aliwaona mnaondoka, kundi zima, vumbi linapanda. Akawaita, sauti kavu: "Mnakwenda wapi? Mmeacha chungu jikoni?" Mkaongeza hatua. "Mwanangu hajatoka, nami sitoki!" Mmoja wenu, namjua kwa jina, nimemhifadhi, akasema kwa chini, "Mama huyu naye." Naye nini? Amalizie. Namngoja tangu siku ile aimalizie sentensi hiyo.

Na sasa sikiliza, maana hili ndilo lililobaki. Kamati ya ligi imetupa neno. Kesho wanakuja kukagua. Mguu ukizama, mechi zetu zote za nyumbani zinahamia mjini Mbinga. Mjini! Nani atashuka mjini kila wiki? Vijana watacheza mbele ya watu wasiojua majina yao, mwisho watachoka, jezi zitageuka za kupalilia. Na uwanja usio na timu hapa kwetu haulali tupu: msimu mmoja utakuwa shamba, kona na yote. Mama wa watu atakaa wapi? Atamwendea wapi mwanawe? Mara ya kwanza alimpoteza kwa maji. Mara ya pili atampoteza kwa maharage.

Jana alasiri nilipita. Nilidhani nitakuta kimya. Nikasikia tena: puu. Nikasimama, nywele zikasimama. Puu. Puu. Nikajikaza, nikatokea penye miti.

Hakuwa marehemu. Alikuwa Mama Hedwiga, peku, sketi imekunjwa gotini, ndoo ya maji pembeni. Anamwaga maji kidogo, anakanyaga. Anasogea, anamwaga, anakanyaga. Kwa mpangilio. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, geuka: hatua za mganda, ngoma ya wanaume, anaicheza peke yake bila ngoma, midomo inahesabu mapigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutazama au umekuja na miguu?"

"Unafanya nini, mama yangu?"

"Huoni? Hapa ndipo alipozama mtoto wa watu." Alikuwa kwenye shimo la Wendelin. Akakanyaga, tope likamrukia usoni, hakulifuta. "Asizame mwingine."

Nikavua viatu.

Nikamuuliza, kwa sababu mimi mdomo hauniachi, kama kweli anaamini timu iliyopigwa tano inaweza kuamka. Akanitazama kama ninavyokutazama wewe. "Nimekaa kona hii namngoja mtu aliyekwenda na ziwa," akasema. "Hao waliofungwa bao tano tu, niwakatie tamaa?"

Baadaye akaja Devotha bila beseni. Akaja Wendelin anachechemea, akaanza na mraba wake mwenyewe, anaukanyaga kwa hasira mpaka tukamwambia kaka, inatosha, umekufa huo. Akacheka. Mara ya kwanza tangu mechi ya Jumapili. Tulikanyaga mpaka macho hayakuona miguu, na bado hatujafika katikati ya uwanja. Watu wanne, hata wakikanyaga kwa machozi, uzito wao ni wa watu wanne.

Ndiyo maana nakuita wewe. Si yule aliyekufa, yeye hajatoka. Ni wewe uliyetoka.

Usiniletee pole. Usiniletee uchambuzi wa mfumo wa mabeki. Usinitajie greda, nisije nikatukana. Ngoma ya mganda iko kwako imetundikwa ukutani, ngozi inakauka, baba yako aliipiga uwanjani hapa siku timu ilipopanda daraja. Nakumbuka shati alilovaa. Ishushe.

Kesho kamati inakuja. Leo jua bado lipo. Chukua ndoo, pitia mtoni, mwite jirani kwa jina, na yule aliyesema "mama huyu naye" mshike mkono uje naye. Pale mlangoni kwako vumbi ulilorudi nalo Jumapili bado liko kwenye mikunjo ya suruali, jekundu, linakungoja. Ni udongo wa kona ya Clemence huo. Urudishe. Umwagie maji, uukanyage, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mpaka lile vumbi lililosimama nyuma yako lilale chini, liwe sakafu, limbebe mtoto wa watu akikimbia.

Geuka. Vua viatu. Ingia.