Fundo la Elius

Sisi Wabena hatusalimiani kwa kupunga mkono. Mkubwa akifika unaacha ulichoshika, mwanamke anapiga goti, mnaulizana habari za nyumbani, za shamba, za nguruwe, mpaka ziishe. Elius na mkewe Peace walilelewa hivyo, na mimi jirani yao sitaki kusikia mtu akisema walilelewa vibaya.

Elius alikuwa akiuza vipuri vya magari Makambako, ndiko alikompata Peace. Jumamosi walikwenda kupanda mwamba wa chokaa ulio nyuma ya mashamba, huku Yakobi. Upande mmoja umepigwa boliti, unanasa kamba humo unapopanda. Upande wa pili ni ufa mtupu, unabeba vyuma vyako na kuvibana humo mwenyewe. Elius alipenda ufa. Chini alisimama Peace, ameshika kamba. Kanuni yao ilikuwa moja, na Peace ndiye aliyekuwa mkali nayo: hapandi mtu kabla mwenzake hajalikagua fundo la kiunoni na kulivuta.

Jumamosi ile Elius alikuwa ameshapitisha kamba kwenye mkanda wake, fundo limefika nusu, mama yake akatokea na kikapu cha parachichi. Elius akaiachia kamba. Peace akapiga goti.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, wanangu. Mmeamkaje?"

Wakaulizana yote, hakuna aliyeharakisha. Mama alipoondoka, Elius akageukia jiwe, Peace akashika upande wake wa kamba. Kila mmoja aliamini kwamba lile la fundo limeshakwisha.

Akapanda vizuri kabisa. Mtu akipanda, uzito uko mikononi na miguuni, fundo bovu halijulikani. Kule juu akanasa kamba kwenye pete ya chuma iliyopigwa jiweni, akaita, "Nishushe!" kisha akaegemea nyuma. Kamba ikachomoka kiunoni. Peace akabaki ameshika kamba isiyo na mtu.

Msibani mama alimwambia kila aliyekuja kumpa pole: "Wenzangu watoto wao wanafia barabarani bila hata neno. Wangu aliacha shughuli yake akanisalimia." Faraja hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlaza usingizi. Peace alisikia, akainamisha kichwa.

Kisha wapandaji wenzao wakaja kuchukua vyuma, wakazungumza uani bila kuangalia nani anasikiliza. Jioni mama akaingia jikoni, Peace akiwa anamenya viazi.

"Wanasema kuna mtu hukagua fundo."

"Ndiyo, mama."

"Nani?"

"Mimi."

"Ulikagua?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

Jibu la kweli alikuwa nalo, tena fupi. Peace aliniambia mimi peke yangu kwamba lilimfika mdomoni. Akamtazama yule mama, akafikiria miaka aliyobakiwa nayo, na jinsi angeiishi akishajua.

"Nilisahau."

Inaniuma mno. Natamani angalau angesema hakumbuki, au angelia, au angeniita nimsemee. Lakini Peace hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

Mama akashika mlango.

"Nilikukabidhi mwanangu," alisema. "Kesho urudi kwenu Makambako."

"Sawa, mama," Peace akaitikia, akamalizia kumenya viazi.