Matuta Nyuma ya Benki

Katikati ya mji wa Sumbawanga, nyuma ya benki, bibi yangu alikuwa na matuta arobaini na mawili. Kiwanja hakikuwa chake. Jengo la zamani lilibomolewa, nyasi zikaota hadi kiunoni, bibi akaingia na jembe. Alilima kama wanavyolima Ufipa yote: unafukia nyasi mbichi ndani ya tuta la duara, ntumba, unapanda maharage juu yake, na nyasi zinaoza taratibu kungoja ulezi wa mwaka unaofuata.

Mimi nilitaka uwanja wa mapumziko ambao manispaa ilipanga kuujenga pale. Mchoro wake niliuona shuleni: mabenchi, miti, mahali pa kukaa na rafiki yangu Faith bila mwenye duka kutuuliza tunanunua nini. Bibi sikumwambia. Mimi hata jina langu darasani nalitaja kwa kunong'ona.

Siku ya mkutano ofisa wa manispaa alisimama juu ya kreti ya soda. Vijana wa bodaboda walikuwa nyuma.

"Bibi, uwanjani utatupikia maharage?"

"Mwache, mshikaji. Huyo ndiye meya."

Kiswahili cha maofisa humtia bibi aibu. Akasema kwa Kifipa, kisha akanisukuma mgongoni. "Emerensiana, waambie."

Alichosema kilikuwa chepesi. Uwanja chukueni, ila nyasi nimezifukia mwezi huu, bado mbichi. Ngojeni nivune maharage, matuta nitayatawanya mwenyewe.

Watu wote wale, na macho yao.

"Anasemaje bibi yetu?" ofisa akauliza.

"Anasema... amekubali."

"Tuanze lini?"

"Hata kesho."

Walinipigia makofi. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani waendelee.

Bibi alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Mlangoni akageuka, akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Kesho saa ngapi?"

Usiku ule sikula.

Asubuhi nilimkuta kiwanjani kabla ya greda, anabomoa matuta. Nyasi zilitoka za kijani, zina joto, na vichipukizi vya maharage vimelala juu yake vimepinduka. Nikashika mpini. Akauvuta, akaendelea.

Greda likaja linanguruma, ofisa akiwa pembeni ya dereva. Nikasimama mbele ya greda.

"Shikamoo. Jana nilidanganya."

"Unasemaje? Sikusikii!"

"Nilidanganya! Bibi hakukubali kesho. Alisema mngoje avune!"

Dereva akazima injini. Ofisa akashuka, akatazama matuta yaliyobomolewa, kisha yaliyobaki, akajikuna shingo.

"Sasa hayo maharage yanaiva lini?"

Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Nikageuka.

"Bibi, yanaiva lini?"

Alikuwa ametugeuzia mgongo, jembe ameliinua juu ya tuta jingine. Tukangoja, mimi, ofisa na dereva.

Jembe halikushuka.