Mti Namba Arobaini na Moja

Kazi ya Mama Magome katika kituo cha utafiti wa miti ilikuwa moja tu, kupima unene wa magome ya miti, na ndiko alikolipatia hilo jina. Mwulize habari za moto, atakwambia bila kuzunguka: mti wa nyikani umevaa gome nene kwa sababu moto si mgeni kwao. Nyasi zinaungua, mti unabaki. Mti wa msituni, masikini, gome lake ukilikwaruza kwa ukucha tu unauona ubichi.

Sasa, kitalu cha tatu kilikuwa hakijachomwa miaka ishirini na tano, na miti ya msituni ilikuwa imejazana humo. Mmoja wao, namba arobaini na moja, ulichipua mwaka ambao Mama Magome alimzaa kitinda mimba wake. Basi kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa binti huyo, asubuhi alimpima kwenye fremu ya mlango, mchana akaupima mti. Binti aliacha kurefuka, akaenda kusoma mbali. Kila akipiga simu huuliza, "Mama, mdogo wangu hajambo?"

"Hajambo, kanenepa milimita sifuri nukta mbili."

Ndipo mkuu wa kituo, mwanamke mpole asiyejua kupaza sauti, akatangaza: "Jumatatu tunakichoma cha tatu, tuone nani atabaki. Mtu asiguse kitu."

Gome la namba arobaini na moja lilikuwa milimita nne. Roho ilimuuma Mama Magome, ilimuuma wee! Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kubadilisha hata nukta daftarini. Lakini Jumapili alichukua ufagio wa nyumbani, akaingia kitaluni peke yake, akafagia majani yaliyopukutika kuuzunguka mti mpaka udongo ukaonekana. Akarudi na haya zake.

Jumatatu asubuhi moto ukawashwa upande wa nyasi. Loo, ulikuja na makeke yake! Ulipofika penye kivuli, kumbe nyasi hakuna, kivuli kilikwisha kuziua zamani. Ukaramba majani mawili matatu yenye unyevu, ukatoa moshi, ukazimika. Namba arobaini na moja ilikuwa hatua thelathini mbele.

Wakaingia kukagua. Majani yaliyopukutika yametanda kila mahali, hayajaguswa. Katikati, duara safi, na mistari ya ufagio imo.

"Huu unangoja wageni nini?" mwasha moto akacheka.

Mkuu hakucheka. "Nani kafagia hapa?"

"Ni mimi, mkuu. Niliogopa mti utakufa."

Mkuu akatazama juu, matawi yalivyoshikana. "Wenzake walikuwa wanaulinda, mama." Kisha akampa daftari, taratibu. "Andika ulichofanya, halafu uufute mti huu. Mti uliosaidiwa hatuwezi kuupima tena."

Akaandika. Akaweka rula juu ya namba za miaka ishirini, zote mwandiko wake, akapiga mstari.

Jioni simu ikalia. "Mama! Mdogo wangu kaungua?"

"Hajambo. Hata jani moja halikuungua."

"Alhamdulillahi! Na mwaka huu kanenepa kiasi gani?"

Mama Magome alikuwa amesimama mlangoni. Akaigusa alama ya mwisho ya penseli kwenye fremu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Naye pia sitampima tena."