Kitanda cha Pili

Kitoroli kiliposimama mlangoni, Mama Shuka alikuwa amepiga magoti ndani ya bafu, shuka limemjaa mikononi na povu limempanda hadi viwikoni. Akafunga bomba upesi. Bafu lenyewe lilikuwa dogo, la kuogea mtu aliyejikunja. Ukiinuka unagonga sinki, ukigeuka unajifungulia maji mgongoni.

Mlango ukagongwa, taratibu, kama anavyogonga mtu mwenye adabu.

"Hodi, mama! Nimekuja kukutengenezea chumba."

"Sijavaa, mwanangu."

"Haya, basi nizunguke wengine kisha nirudi."

"Usirudi. Yaani, rudi kesho. Chumba ni kisafi."

Mhudumu wa vyumba vya meli akasogea hata pumzi yake ikasikika kwenye ubao wa mlango. "Mama, niruhusu hata nikufutie kioo tu. Msimamizi akisikia kuna chumba hakijafunguliwa tangu tung'oe nanga, hatamuuliza abiria, ataniuliza mimi. Nimeshaonywa mara moja. Nikionywa tena nashushwa, na kule nyumbani ndio mimi baba, ndio mimi mama."

"Kesho, mwanangu. Mungu akipenda."

Kitoroli kikaondoka, gurudumu moja likilia kama kifaranga. Mama Shuka akabaki na magoti yake kwenye vigae, akilikamua lile shuka kwa kulisokota, mkono huku na mkono kule, namna alivyofundishwa zamani na mwanamke aliyekwisha kufa.

Alikuwa amefanya kazi ya wodini tangu bintiye hajaota meno hadi huyo binti alipomzalia wajukuu. Kutandua, kufua, kupiga pasi, kutandika. Kona za shuka alizikunja kama bahasha, ukirusha sarafu juu ya kitanda inaruka. Ndipo wagonjwa wakampa hilo jina la Mama Shuka, na jina likamfuata mpaka mtaani, mpaka na majirani wakasahau lile aliloitwa na wazazi wake. Na mgonjwa akilowesha kitanda, mtu mzima na ndevu zake, akageukia ukutani kulia, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa akisema, "Haya ni maji tu, baba. Maji yanafuliwa. Aibu aione anayecheka." Aliyatoa maneno hayo miaka yote bila kuyahesabu, kama mtu achotaye kisima cha kwake. Sasa alipoyataka kwa ajili yake mwenyewe, ndoo ilipanda tupu.

Ni vile vidonge vipya vya presha. Daktari alimwambia vitamtoa maji mwilini. Hakumwambia kwamba vitamtoa bila kumuamsha. Asubuhi ya kwanza ndani ya meli alifumbua macho akajihisi kama mtoto wa chekechea, ubaridi mgongoni, ubaridi mapajani. Kwa muda hakujua yuko wapi, maana chumba hakikuwa na dirisha, na giza lake lilikuwa giza la kabatini. Alipowasha taa akakiona kitanda cha pili, kimetandikwa vizuri, kinamtazama.

Kitanda hicho kilikuwa na kisa chake. Meli ile ya matembezi huuza vyumba kwa watu wawili wawili, na anayelala peke yake humlipia na yule asiyekuwepo. Bintiye, muuza vipuri vya magari, mwanamke asiyenunua hata nyanya bila kuizungusha, alipolijua hilo alikaribia kurarua tiketi. "Mama, utalala na jini," alisema, "na jini lenyewe tumelilipia nauli." Mama Shuka akacheka sana siku ile. Sasa akalishukuru jini. Akawa analala kwa jini wakati shuka lake linakauka, amelitundika juu ya fimbo ya pazia la bafu, analipuliza kwa ile mashine ya kukaushia nywele mpaka mashine inanuka kuungua. Na kitanda cha jini nacho kikilowa, anarudi kwake.

Mlangoni nje akatundika kile kibao cha kuomba asisumbuliwe.

Juu sitahani, mchana, bintiye alikuwa na vita vyake. Hakuna kilichokuwa bure ila wali, mkate na chai ya birika. Maji ya chupa yaliyowekwa chumbani kwa tabasamu yaliingia kwenye kadi ya deni la chumba. Soda, kwenye kadi. Kiti cha kivulini, kwenye kadi. Safari ya kushuka bandarini kuangalia mnara, nayo kwenye kadi, na mnara wenyewe ulikuwa umefungwa kwa matengenezo.

"Lile tangazo lilikuwa chambo," alisema, akipasua mkate kwa hasira. "Sisi ndio samaki. Wakianza kutuuzia hewa, naruka naogelea."

"Punguza sauti, mama watoto," mumewe akamwambia. Alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, mwenye utani wa chini kwa chini. "Hewa hawajaifikiria bado. Usiwape wazo."

Mama Shuka akacheka kwa adabu, akiangalia sahani, maana mkwe ni mkwe. Tangu huyo fundi amuoe bintiye hawajawahi kukaa kiti kimoja. Akipita yeye, mkwe husimama. Akila yeye, mkwe hutazama pembeni kidogo. Mama Shuka alikuja safarini baada ya kusihiwa sana. Mkwe na mkewe walijinyima ili bibi wa watoto wao aonje kukaa tu. Ndivyo bintiye alivyosema siku ya kumkabidhi tiketi: "Umetandikia watu maisha yako yote. Safari hii utatandikiwa wewe."

"Vipi chumba, mama?" bintiye akauliza sasa. "Wanakuhudumia?"

"Vizuri tu."

"Maana chumbani kwetu wanakunja taulo kama bata. Kwako wamekunja nini?"

Mama Shuka akachovya mkate kwenye chai, akauacha humo hata ukakatika ukazama. "Mimi bata wa nini," akasema.

Aliporudi chumbani alikuta kifurushi kwenye kitasa cha mlango. Mfuko wa nguo chafu, lakini ndani yake mashuka safi, yamekunjwa, na chini yake kile kitambaa cha mpira kinachotandikwa chini ya watoto. Akatazama ushoroba huku na huku. Hakuna mtu. Akajua basi kwamba harufu ya sabuni ya kipande na ya unyevu ilikuwa imepita chini ya mlango, na kwamba kuna mtu wa kazi moja na yeye aliyeinusa akaelewa.

Badala ya kushukuru, aliona uso wote unawaka. Aliketi na ule mfuko mapajani, asiufungue wala asiuweke chini. Wakati wote wodini alidhani wale waliogeukia ukutani walikuwa wakiukimbia uchafu. Kumbe walikuwa wakilikimbia jicho lake jema.

Tangu hapo, akisikia gurudumu linalolia, alizima taa.

Siku moja kabla ya kufika, bintiye aliingia bila hodi, kama wanavyoingia watoto kwa mama zao hata wakiwa na mvi. Bahati shuka lilikuwa limekauka na limetandikwa. Akazunguka. Kikapu cha taka kimejaa. Sabuni ya chumba bado iko kwenye karatasi yake, maana mama alitumia ya kipande aliyokuja nayo. Hakuna bata.

"Mama, huyu mhudumu anaingia humu kweli?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Walikuwa wawili tu, mtu na mwanawe, mlango umefungwa. Akafungua mdomo, akamwona bintiye alivyovaa gauni jipya la safari, na shingo yake imeungua jua, na furaha yake yote ameishona kwa uzi wa hiyo zawadi. Angemwambiaje kwamba zawadi imelowa?

"Sijamwona," akasema Mama Shuka.

"Hujamwona! Na kila siku wanatukata ada ya huduma, kila kichwa! Kumbe umejitandikia mwenyewe humu ndani? Nitawaonyesha."

"Achana nao, mwanangu. Tusafiri salama."

"Salama nitaipata kwenye risiti."

Asubuhi ya kushuka, kaunta ilikuwa na foleni ndefu, kila mtu na kadi yake na kinyongo chake. Mkuu wa wahudumu, mwanamume aliyevaa tai ya kipepeo, aliwasikiliza wote kwa tabasamu lilelile, kama amelibandika. Zamu yao ilipofika, bintiye hakulalamikia maji wala mnara. Aliweka viganja viwili juu ya kaunta.

"Mama yangu ameajiriwa miaka yote kutandika vitanda. Tumemleta hapa naye apumzike, mmemgeuza mfanyakazi wenu tena. Chumba chake hakikuguswa hata siku moja. Ada ya huduma rudisheni."

Tabasamu likabanduka. Mkuu akanyanyua simu, na punde yule mhudumu akatokea kwenye mlango wa nyuma, mwanamke wa makamo, mwembamba, mikono ameificha chini ya aproni. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Shuka kumwona uso. Alikuwa na alama ya pasi kwenye kifundo cha mkono, ya zamani, imeng'aa. Naye Mama Shuka alikuwa nayo, upande uleule.

"Chumba cha mama huyu ulikitengeneza?"

Mhudumu akamtazama Mama Shuka, si kwa kumlaumu, wala si kwa kumwomba. Akaangalia chini. "Sikukitengeneza, bosi. Ni uzembe wangu."

"Hili ni onyo la pili."

"Najua, bosi."

"Basi kakusanye vitu vyako. Unashukia hapahapa."

Mama Shuka alihisi mkoba wa mkononi mwake umekuwa mzito kama ndoo. Nyuma yake alisimama mkwe, karibu kabisa, maana foleni ilikuwa imewasukuma.

"Baba," akamwambia bila kugeuka, "hebu katuangalizie mizigo."

"Mizigo imeshashuka, mama. Niko hapahapa, usiwe na wasiwasi."

Mhudumu alikuwa ameanza kugeuka.

"Mlango niliufunga mimi," Mama Shuka akasema. "Alikuja kila siku. Mimi ndiye niliyemkatalia."

"Mama," bintiye akamshika kiwiko, "usimwonee huruma. Ndivyo ulivyo, kila mtu unamtetea."

"Simtetei."

"Alikukosea nini, mama, hata umfungie?" mkuu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikia mengi asiyaamini.

Likawepo jambo moja tu la kujibu, na halikuwa na kifuniko. Mama Shuka akalisema kwa sauti ileile aliyokuwa akitolea taarifa kwa muuguzi wa zamu, wazi, bila kupandisha wala kushusha.

"Nilikuwa nakojoa kitandani. Tangu usiku wa kwanza. Nikawa nafua mwenyewe asijue mtu. Huyu akajua, akaniletea mashuka mlangoni, akaninyamazia. Na mwanangu aliponiuliza nikamdanganya."

Kwenye foleni mtu mmoja alikohoa, akajutia. Mkwe aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Akakaa huko chini muda mrefu, anapapasa ngozi ya kiatu kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Bintiye bado alikuwa ameshika kile kiwiko, lakini mkono ulikuwa umesahau kwa nini.

Mkuu akajirekebisha tai. "Hata hivyo, utaratibu unamtaka mhudumu atoe taarifa. Hakutoa."

"Taarifa hiyo ningeitoaje, bosi?" mhudumu akauliza, kwa upole kabisa.

Mkuu akamwonyesha mlango wa nyuma kwa kidole. "Tutazungumza ofisini." Akamgeukia bintiye Mama Shuka. "Dada, na ile ada mliyodai?"

Muuza vipuri, yeye asiyewahi kukosa neno mbele ya bei, akachukua kadi zake juu ya kaunta, moja moja, akazitia kwenye pochi.

"Anayefuata," mkuu akasema.

Gatini jua lilikuwa kali na teksi zilipiga honi. Mkwe alipakia masanduku, akafungua mlango wa nyuma kwa ajili ya mama mkwe, akatazama pembeni. Mama Shuka hakuingia. Alikuwa amesimama akitazama ubavu wa meli, mbali na ngazi ya abiria yenye zulia, pale penye ngazi nyingine ya chuma, nyembamba, wanakoshukia wafanyakazi. Mlango wake ulikuwa wazi. Wanaume walikuwa wakishusha mifuko ya nguo chafu, wanaitupa kwenye gari la wazi, mmoja juu ya mwingine.

"Mama, twende," bintiye akaita.

"Nataka nione kama anashuka."

"Na akishuka?"

Mama Shuka alijua tu kwamba akiingia kwenye gari sasa, atakuwa amezima taa tena.

Bintiye akaja. Alisimama kando yake, mabega hayagusani, wala hakumtazama usoni. Akanyoosha mkono, akamfunga mama yake kifungo cha juu cha sweta, ingawa jua lilikuwa linachoma.

"Jamani, saa inahesabu hii!" dereva akapiga kelele. "Kusubiri nako ni pesa!"

"Tunajua," muuza vipuri akamjibu bila kugeuka. "Iache ihesabu."

Mfuko mwingine ukatupwa. Kisha wale wanaume wakasimama pembeni ya ngazi ya chuma, wakamwachia nafasi mtu aliyekuwa bado ndani, kwenye giza la mlango.