Kiti Kinapopanda Ngazi

Alasiri, jua likishapunguza ukali, Komando alifunga kamba za raba zake, akashuka ngazi kutoka ghorofa ya tano hadi ya pili, akagonga mlango wa Spana ili wakafanye mazoezi. Spana alikuwa sebuleni karibu na dirisha. Alikuwa ameshakuwa kiti.

Kilikuwa kiti kizuri cha mbao, chenye mikono mipana na mto wa rangi ya udongo. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umepinda kidogo, upande uleule wa goti lililomsumbua Spana tangu alipoteleza kwenye shimo la lifti.

"Tangu lini?" Komando aliuliza.

"Tangu juzi, shangazi," alisema mtoto wa Spana, akipangusa vumbi kwenye mkono wa baba yake. "Tulimwambia apumzike, kazi ngumu ameshafanya. Akakaa. Akazidi kukaa. Sasa ametulia kabisa."

"Anakula?"

"Hapana. Wala hasumbui."

Komando na Spana walikuwa mafundi wa lifti maisha yao yote. Komando alikaa juu kwenye mashine, Spana chini shimoni, na kwa kuwa kelele zilimeza sauti, walizungumza kwa kugonga reli: pigo moja simama, mawili pandisha, matatu shusha. Walistaafu siku moja. Kampuni iliwapa kila mmoja saa ya ukutani. Komando aliitundika yake chooni.

Baada ya hapo watoto walianza kuwabebea mifuko, kisha kuwajibia maswali waliyoulizwa wao. Spana, mpole wa kuzaliwa, alikubali. Komando alikataa katakata. Kila asubuhi alijaza chemshabongo ya gazeti kwa kalamu ya wino, kisha akampigia simu mhariri kumwonyesha makosa. Jengo lina lifti, lakini yeye hupanda ngazi. "Hiyo lifti naijua tangu inazaliwa," huwaambia majirani. "Ndiyo maana natumia miguu." Mkaa bure si sawa na mtembea bure, na huyu bibi hakuwahi kukaa bure hata akiwa mgonjwa.

Aliinama, akagonga mguu wa kiti mara mbili. Ndani ya mbao, pigo likajibu, na jingine.

"Dumuzi hao, wanatafuna mbao," mtoto wa Spana alisema. "Nitanunua dawa."

"Naomba nitoke naye kidogo."

"Mradi umrudishe, shangazi."

Komando alimpindua, akajitwika kichwani, akaanza kupanda kwenda paani. Kila ghorofa alimtua, akafuta jasho, akamuuliza swali la kazi. "Lifti inasimama katikati ya ghorofa mbili, taa zinawaka. Moja, kamba. Mbili, breki. Tatu, mlango. Unaanzia wapi?" Mwanzoni Spana alichelewa kugonga jibu, na mara nyingine alikosea. Komando hakumwonea huruma. "Hapo umeshaua abiria," alimwambia. "Tena." Majirani waliopishana nao waliwaamkia wote wawili.

Hivyo ndivyo walivyofanya kila alasiri. Mguu uliopinda ulianza kuwa na joto. Kwenye mto ikaota kola ya shati. Siku moja, wakiwa kwenye ngazi za mwisho, kiti kikasema, "Swali lenyewe ndilo bovu. Hujaniambia kama mlango umefungwa," kisha Spana akainuka, akashika ukuta, akapanda zilizobaki kwa miguu yake. Komando alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Walisimama paani wakiutazama mji, wakabishana kuhusu breki kama zamani, na Spana alishinda ubishi ule kwa haki.

Alishuka mwenyewe hadi nyumbani. Familia ilimpokea kwa shangwe.

"Baba! Ngazi zote hizo? Kaa, utachoka!"

"Sijachoka."

"Kaa tu, baba."

Mkwe wa Spana alimpokonya kikombe ili amshikie. Spana alimtazama Komando kwa aibu kidogo. Hakuwahi kujua namna ya kumnyima mwanawe kitu. Akakaa, na kabla chai haijapoa alikuwa kiti.

Kesho yake Komando alimbeba tena. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya jengo: Spana hupanda kichwani mwa Komando, hushuka akitembea, na jioni huketishwa. Shingo ya Komando imekuwa nene, na maswali yameanza kumwishia, kwa hiyo hutunga mapya asubuhi, baada ya gazeti. Hajalalamika hata mara moja, na mimi ninayesimulia namvulia kofia. Siku moja tu alisema neno.

"Mwanangu, mwacheni asimame."

"Sisi tunampenda, shangazi."

Ilikuwa kweli, na Komando akapanda ngazi kwenda kwake.

Juzi alifika kama kawaida, akamkuta mtoto wa Spana mlangoni amevaa shati la pasi. "Leo usimchukue, shangazi. Tuna wageni, na viti havitoshi." Wageni walikuwa wakwe wa mtoto huyo. Mkubwa wao, mzee mwenye mwili, alielekezwa karibu na dirisha. Aliketi, akajizungusha kidogo, akasifu.

"Kiti hiki kina joto."

"Ni baba," mkwe alisema, akimpa sahani.

"Mungu amtunze," mgeni alisema, akaegemea vizuri.

Komando aliletewa chai. Aliinywa amesimama, karibu na mlango, akingoja wageni waondoke.