Hatua Elfu Kumi na Nne za Meneja

Daktari wa mifugo alisema neno moja tu, tena kwa upole: mbwa huyu amenenepa kupita kiasi. Mizani ilionyesha kilo thelathini na moja, na mbwa wa umbo lake hakutakiwa kuzidi ishirini na tano. "Mpunguzieni chakula, mumtembeze kila siku," alisema, kisha akafungua mlango kumwita mgonjwa aliyefuata, paka aliyekuwa akitukana watu wote kutoka ndani ya kikapu.

Mama Pacha, ambaye alikuwa fundi cherehani na aliyeweza kukitambua kiuno kilichozidi hata kijifiche chini ya gauni pana namna gani, aliona ushauri huo unatosha kabisa. Mumewe aliuona ni tusi. Baba Pacha alikuwa mpima ardhi kwa miaka ishirini. Mtu aliyewahi kusimamisha ujenzi wa ukuta mzima kwa sababu umeingia sentimita tisa kwa jirani, leo aambiwe "mpunguzieni" bila tarakimu?

"Tumpunguzie kiasi gani?" alilalamika njia nzima. "Tumtembeze hatua ngapi? Daktari gani huyu anaongea kama mpiga ramli?"

Mbwa mwenyewe, aliyekuwa akihema kiti cha nyuma, hakuwa na maoni. Jina lake lilikuwa Meneja. Alipewa na watoto wao pacha kabla hawajaenda shule ya bweni, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kufika panapoliwa, wa mwisho kuamka, na alipenda kutazama wenzake wakifanya kazi.

Wiki iliyofuata Baba Pacha alirudi na boksi. Ndani yake mlikuwa na mkanda mweusi wa mpira, wa kumvalisha mbwa shingoni, wenye kidude chenye taa ya kijani inayowakawaka. Kidude hicho kilihesabu kila hatua ya mbwa, kikapiga hesabu ya kalori alizounguza, kisha kikapeleka habari kwenye simu na kumwambia mwenye mbwa ampimie chakula kiasi gani. Baba Pacha alisoma kijitabu cha maelekezo, kurasa zote arobaini na mbili, kwa umakini ambao mkewe hakuwahi kuupata hata walipokuwa wachumba.

"Usimvue kamwe," alionya. "Ukimvua, taarifa zinakatika."

Basi Meneja akavikwa. Siku ya kwanza alipata hatua elfu moja na mia tisa. Baba Pacha aliapa kumtembeza kila jioni, na kweli alimtembeza jioni mbili, mpaka kona na kurudi. Ya tatu kulikuwa na mvua. Ya nne goti lilimsumbua. Ya tano hapakuwa na sababu, kwa hiyo hakuitaja.

Ajabu ni kwamba hatua hazikupungua. Wiki ya pili zilifika elfu sita. Zikaja elfu tisa. Alhamisi moja simu ikapiga tarumbeta na kuonyesha picha ya nishani ya dhahabu.

"Mama Pacha! Njoo uone! Elfu kumi na nne!"

"Za nani?"

"Za Meneja!"

Mama Pacha aliinama kutazama chini ya meza ya kukatia nguo. Pale, juu ya kilima cha vipande vya vitambaa, mwanariadha alikuwa amelala ubavu huku ulimi umemtoka.

"Huyu leo ametoka mara mbili, zote kwenda kukojoa."

"Wewe ulikuwa unashona. Ungeona saa ngapi?"

"Amenilalia mguu, baba. Tangu asubuhi nakanyaga pedali kwa mguu mmoja."

"Kifaa hakina sababu ya kudanganya."

"Mimi ninayo?"

Baba Pacha alilipima swali hilo kwa haki, kama apimavyo kiwanja chenye mgogoro. "Wewe huna," akasema. "Lakini unaweza kukosea."

Na kwa kuwa Meneja alikuwa anaunguza kalori kama askari wa vitani, programu ya kwenye simu ikaagiza aongezwe chakula. Kutoka vikombe viwili kwa siku akapanda hadi vitatu na nusu. Baba Pacha alivijaza mwenyewe, akasawazisha mdomo wa kikombe kwa rula, isije ikazidi punje moja. Meneja alikuwa anaipenda sayansi waziwazi.

Mama Pacha hakubishana. Kubishana na mtu mwenye grafu ni kumpigia mbuzi gitaa. Alichukua tepu yake ya kazini, akampitishia Meneja tumboni, akaandika kwenye daftari la wateja, katikati ya bibi harusi na mwalimu wa kwaya: Meneja, kiuno 78. Baada ya wiki tatu akampima tena. Themanini na nne.

"Tazama," alimwambia mumewe, ameishika tepu palepale kwa kidole gumba.

"Hiyo ni tepu ya nguo."

"Sentimita ni sentimita."

"Mbwa ana manyoya, ana pumzi, anageukageuka. Kitaalamu hicho si kipimo." Kisha akamtuliza kwa sauti ya kumhurumia: "Na misuli nayo ina uzito, mke wangu."

Jambo jingine Mama Pacha alilisikia kabla ya kuliona. Kila cherehani iliponyamaza, chini ya meza palikuwa na sauti: kri, kri, kri. Meneja alikuwa anajikuna. Alijikuna kwa mguu wa kulia ukachoka, akaendelea na wa kushoto.

"Mbwa anawashwa," alisema.

"Ni jasho la mazoezi."

Mama Pacha alitaka kufungua ule mkanda aangalie. Mara mbili aliweka kidole kwenye kifungo chake, na mara mbili akakumbuka taarifa zitakatika na kelele zitakazofuata, akauacha. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Wakati huo sifa za Meneja zilikuwa zimefika ofisini. Bosi wa Baba Pacha naye alikuwa na mbwa mnene, na Jumamosi moja akaja nyumbani kujionea mwenyewe. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akapewa chai. Meneja aliburutwa kutoka chini ya meza akawekwa katikati ya sebule, naye akajimwaga hapohapo kama gunia lililokatika kamba.

"Huyu?" Bosi aliuliza.

"Usimwangalie kwa macho," alisema Baba Pacha, akaweka simu mezani. "Angalia hapa. Saa nne hii ana hatua elfu tatu mia mbili na kumi."

Bosi akavaa miwani. Meneja akainua mguu wa nyuma, akaanza. Kri, kri, kri.

"Inapanda," alisema Bosi.

"Nini?"

"Namba. Elfu tatu mia mbili na thelathini. Na arobaini. Sitini."

Meneja akapumzika. Namba ikapumzika. Akabadilisha mguu, akaanza upya, na namba ikaondoka mbio kama iliyochelewa kazini. Kri, kri, kri.

Bosi akavua miwani taratibu. Alisema kwa ile sauti anayotumia kumweleza mtu kwamba jiko lake limejengwa juu ya barabara: "Mwenzangu, mbwa wako anakimbia amelala."

"Labda mtandao..." alianza Baba Pacha.

Mama Pacha alikuwa na maneno ya kutosha miezi sita, lakini hakuyatoa, kwa kuwa alikuwa tayari amepiga magoti. Kifungo kilikuwa kimeganda. Akanyoosha mkono akachukua mkasi wake wa kukatia hariri, ambao hakuna mtu katika nyumba ile aliyethubutu hata kukatia karatasi, akaukata mkanda.

Chini yake manyoya yalikuwa yamekwisha. Ngozi ilikuwa nyekundu, imelowa, imechubuka kuzunguka shingo yote, na ilinuka. Meneja alimlamba mkono. Baba Pacha alisogea, akatazama, akarudi nyuma hatua moja ambayo hakuna aliyeihesabu. Bosi akakumbuka ghafla kwamba nyumbani kwake ana mgeni.

Kwa daktari mizani ilisema kilo thelathini na nne na nusu.

"Mpira umemdhuru ngozi, kisha unyevu ukaiozesha humo ndani," alisema daktari, akisafisha kidonda. "Hilo tutalitibu. Lakini hizi kilo tatu na nusu zimetoka wapi? Si nilisema mpunguze?"

Mama Pacha alitazama dirishani. Huo haukuwa mzigo wake.

"Kifaa kilisema anahitaji zaidi," alijibu Baba Pacha, kwa sauti ndogo.

"Na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwangalia?"

Ndani ya gari Baba Pacha alikaa na Meneja kiti cha nyuma, kichwa cha mbwa mapajani, akamwachia mkewe usukani.

Aliwaandikia watengenezaji malalamiko ya kurasa nne, na mchoro. Jibu lilikuja baada ya nusu dakika: walimshukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao, wakampa punguzo la bei kwa mkanda mpya, wa paka.

Dawa alimpaka yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, amepiga magoti sakafuni, huku akimwomba radhi kwa sauti aliyodhani cherehani inaifunika. Kidonda kikakauka. Jioni akaanza kumtembeza, goti na mvua visipewe nafasi, ingawa kwa mwendo wao ule hata kobe angewaomba wapishe njia.

Jioni moja walipotoka matembezini, Baba Pacha alisimama juu ya bakuli na kikombe mkononi.

"Mama Pacha."

"Nini tena?"

"Hebu mwangalie. Kimoja, au kimoja na nusu? Wewe unaonaje?"

Mguu wa Mama Pacha uliganda kwenye pedali. Katika miaka ishirini na moja ya ndoa alikuwa ameulizwa soksi ziko wapi, nani amehamisha faili, na kwa nini chumvi imezidi. Anaonaje, hata siku moja.

Jibu alikuwa nalo: kimoja. Angeweza kulitoa palepale na kuendelea na pindo la mteja. Badala yake alivua miwani, akaifuta bila haraka, akaivaa.

"Mlete kwenye mwanga," alisema.

Akamleta.

"Mgeuze. Upande huu. Sasa mpeleke mpaka mlangoni, umrudishe."

Mpima ardhi akaenda mpaka mlangoni na mbwa wake, kikombe kimeinuliwa kifuani, akarudi, akasimama mbele ya mkewe akingoja.

Mama Pacha aliegemea kiti, akakunja mikono.

"Nenda tena," alisema. "Hapo sikuona vizuri."