Jina Inaandikwa Mwisho

Bwana yangu Célestin iko na ordinateri ya zamani kuliko watoto wetu. Padri mumoja aliiacha hapa Kasongo wakati alirudi kwao, nayo inatumia zile disiketi kubwa, nyembamba, za kukunjika. Miaka yote nimeitukana. Mwanaume anafundisha muchana kutwa, akirudi anaenda kukaa mbele ya mashine inayokoroma! "Oa hiyo basi," namuambia. Anacheka tu.

Leo asubuhi nilimuletea chai. Akanitazama, mimi Mathilde, akauliza kwa heshima kabisa: "Mama, unaitwa nani?"

Jamani! Nilikuwa najua kama akili yake inapungua, funguo anaziacha ndani ya muchele. Lakini mimi? "Ni jirani," nikajibu kwa hasira, nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Kisha nikaosha uso, nikarudi, kwani ningeenda wapi?

Alikuwa ameshawasha mashine. Siku hizi anaandika wimbo wa Kizimba, luga ya kwao, ule mama yake alikuwa anaimba akitwanga mupunga. Anaogopa utapotea. Akabonyeza ili kuuhifadhi, taa nyekundu ikawaka, disiketi ikaanza kuzunguka, krr, krr. Halafu batri ya sola ikazimika.

"Basi, umepotea," nikasema. Machozi yalikuwa karibu tena.

"Hapana, mama." Sauti ilikuwa ya mwalimu. "Mule ndani muko kichwa kidogo. Kinatafuta kwanza nafasi tupu, kinaandika maneno pale, kipande kwa kipande. Kikimaliza, kinarudi mahali pa majina, kinaandika jina. Jina inaandikwa mwisho. Umeme ikikatika katikati, jina inakosa, lakini maneno iko. Ukiuliza mashine, itakuambia hakuna kitu. Usiiamini. Batri ikijaa, tutaingia tutafute wenyewe."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Si huko," akasema. Akainuka na taabu, akahamisha kiti changu upande mwingine. "Kaa huku. Sikio yako ya kuume haisikii vizuri tangu ile homa ya Nyangwe, wakati wa mimba ya Déo."

Déo ndiye mutoto wetu wa kwanza. Ile homa, kule Nyangwe, tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

"Célestin," nikamuuliza, "nani alipata ile homa?"

"Bibi yangu, mama ya Déo." Akashusha sauti. "Iko mukali sana yule. Usimuambie nimesema. Nililala mulangoni kwake wiki nzima, nikiogopa atakufa."

Sikujua alilala mulangoni. Hakuniambia hata siku moja.

Nikamushika mukono. "Anaitwa Mathilde," nikasema.

"Mathilde," akarudilia polepole, akanitazama sana. "Kesho utaniambia tena?"

"Nitakuambia, mwanaume wa kusumbua. Kila asubuhi."